Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: tununulieni nakala 50 tu

Waheshimiwa, mwangaluka.

Nawaandikia nyinyi Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri zetu zote 8 kuanzia Jiji na Ilemela mpaka Ukerewe na Buchosa, maafisa elimu, maafisa utamaduni, na nyinyi mnaosimamia maktaba ya mkoa na vyuo vya huku ziwani. Mimi nina stesheneri. Nachapa barua, natoa kopi, nabaindi ripoti za wanafunzi wa chuo, na kwa miaka ya karibuni wazee wamekuwa wananiletea madaftari yao niwachapie, sijui walianza kuambiana wapi, mmoja alikuja akamleta mwenzake na mwenzake akamleta shemeji yake. Sijasomea historia. Ila nimechapa kwa vidole vyangu kurasa nyingi za historia ya watu wa hapa kuliko ambazo nimewahi kuziona zinauzwa kwenye duka lolote la vitabu mjini, ndo mana naandika.

Nianze na mzee mmoja, nitamwita guku, yaani babu, mana ndivyo ninavyomwita. Anatoka upande wa Kwimba. Alikuja na haisi ya Ngudu, mfuko wa sandarusi mkononi, ndani kaunta buku 3 za kwaya 4, zile za jalada jeusi lenye mgongo mwekundu, zimeandikwa kwa peni mpaka ndani ya majalada. Mle ndani kuna watemi wa kwao mmoja baada ya mwingine na nani alimrithi nani na kwa nini, kuna majina ya njaa mana zamani kila njaa ilikuwa na jina lake na watu walihesabu umri wa watoto kwa njaa hizo, kuna kazi ya nsumba ntale, yule kiongozi wa vijana, jinsi alivyokuwa anawaita vijana kulima shamba la mtu na faini ya asiyetokea ilikuwa nini. Kuna nyimbo za bagobogobo, wale wacheza ngoma wa majembe, zimeandikwa na maelezo pembeni, huu unaimbwa jembe likiwa juu, huu wakati wa kupumzika. Afu kuna ya pamba. Guku alikuwa mtoto miaka ya 1950, anakumbuka amekaa juu ya gunia akimsubiri baba yake kwenye foleni ya mizani, na ameandika jinsi wakulima walivyochoka kuibiwa kwenye mizani wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kukagua uzito, na vyama vya ushirika vilivyotokea hapo mpaka ikaja Victoria Federation, muungano wa vyama hivyo, mwaka 1955. Hayo ya Paul Bomani aliyeongoza ushirika wa pamba yapo kwenye vitabu vya wasomi, sawa, lakini rangi ya karatasi ya stakabadhi na maneno ambayo karani alikuwa anamwambia baba mtu mbele ya mtoto wake, hayo yako kwenye kaunta buku la pili peke yake.

Tulichapa jioni baada ya kufunga. Kompyuta ilikuwa inatia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kisukuma, ukurasa mzima unakuwa kama umekatwakatwa, na kuna mahali programu ilikuwa inabadilisha maneno yenyewe bila kuniuliza, mimi sioni, mpaka namsomea guku kwa sauti ananisimamisha, "hapana mayu, sijasema hivyo." Kisukuma kina irabu 7, sio 5 kama Kiswahili, ukiandika kwa herufi za kawaida tu maneno mawili tofauti yanafanana kabisa, kwa hiyo ilibidi nitafute zile i na u zenye kimstari juu na kuzibandika moja moja. Macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi kusahihisha kwenye karatasi, kwa hiyo kila ukurasa nimemsomea mara mbili. Tulimaliza kurasa 180.

Sasa kitabu kipo, tukachape wapi?

Tuliandika kwa mchapishaji mmoja wa Dar. Walijibu vizuri tu, walisema mswada ni mzuri, lakini soko lake ni dogo na haumo kwenye mtaala, kwa hiyo kama mwandishi anaweza kuchangia milioni 4 na ushee basi wataendelea. Guku ana ng'ombe, aliniuliza ni ng'ombe wangapi hao, nikamwambia guku usiuze ng'ombe. Tukaenda kwenye ofisi moja ya serikali, siitaji na wala nia yangu sio kumchongea mtu, tukaambiwa tuache nakala wataupitia mswada na kutujulisha. Miezi 7. Nilienda mwenyewe kuufuata nikaukuta juu ya kabati la mafaili, chupa ya chai imewekwa juu yake, na kwenye ukurasa wa kwanza penye jina la guku na jina la kijiji pana duara la rangi ya chai limekauka. Dada aliyenipa aliniomba msamaha na alimaanisha, nikampokea. Mtu hata mmoja hakuwa ameufungua, mana karatasi nilizokuwa nimezigandanisha kwa pini zilikuwa bado zimegandana vilevile.

Mwisho nilitoa nakala 30 dukani kwangu kwa printa, nikabaindi kwa ile waya ya plastiki. Bila faida kila kimoja kilitoka elfu 15. Ziliisha ndani ya wiki 3, na wanunuzi hawakuwa watalii, alikuwepo mwalimu wa sekondari, alikuwepo kijana wa bodaboda ambaye ukoo wake umetajwa ukurasa wa 41, alikuwepo mama mmoja wa Igoma alichukua 4 akawatumie wanae Dodoma na Dar. Mpaka leo napigiwa simu.

Ukiwa na mashine ndo unaelewa hesabu inavyokwenda, na naomba muielewe kwa sababu ombi langu lote linatoka hapo. Kwenye ofseti, ule uchapaji wa mashine kubwa za kiwandani, gharama kubwa ni ya mwanzo, pleti, kupanga mashine, karatasi zinazoharibika mpaka rangi ikae sawa, na gharama hiyo ni ileile uchape nakala 50 au 1000. Kwa hiyo ukichapa chache kila kimoja kinakuwa ghali mpaka hakinunuliki, ukichapa nyingi kila kimoja kinashuka bei lakini unabaki na maboksi chini ya kitanda, na mchapishaji anayelipa pango haweki pesa yake kwenye maboksi ya chini ya kitanda. Hatuna upungufu wa wazee wanaojua wala wa watu wanaotaka kusoma, hata uvivu wa kuandika tunaosemwa nao kila mwaka kwenye hotuba za siku za utamaduni mimi sijauona, nimeona madaftari yamejaa mpaka majalada. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kusema kabla kitabu hakijaingia mashineni, mimi nitachukua nakala kadhaa, hakika, chapeni.

Mtu huyo muwe nyinyi. Ombi lenyewe ni kila halmashauri inunue nakala 50 za kila kitabu cha historia au utamaduni wa hapa kwetu kilichopita kwenye mikono ya wahakiki. Halmashauri 8 mara 50 ni nakala 400. Kwa bei ya elfu 10 kila moja hiyo ni laki 5 kwa halmashauri kwa kitabu, na mkifanya vitabu 4 kwa mwaka ni milioni 2 kwa halmashauri. Waheshimiwa, hiyo ni pesa ya fulana na mabango ya sherehe moja, nyinyi wenyewe mnajua. Nakala 400 zikiwa na mnunuzi mchapishaji anaongeza zake 600 za kuuza dukani kwa sababu gharama ya mwanzo imesharudi, na bei inashuka kwa kila mtu. Zenu 50 zinaenda shule za sekondari, vyuo vya ualimu, maktaba ya mkoa, ofisi za kata, zinasomwa.

Wala sijabuni mimi utaratibu huu. Hapahapa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulifanya kazi kwa njia hiyohiyo, ulikuwa unaahidi kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka maktaba za shule, na kwa sababu ya ahadi hiyo wachapishaji wadogo waliokuwa hawathubutu kugusa hadithi za watoto wakaanza kuzichapa. Norwei wananunua vitabu vya waandishi wao kwa ajili ya maktaba za umma tangu 1965, na wao wako watu milioni 5 na kitu tu. Mkoa wetu peke yake kwa sensa ya 2022 una watu 3,699,872.

Najua nitaambiwa manunuzi yote sasa yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, na guku hayumo NeST. Kweli, na sitaki mvunje sheria. Lakini maktaba ya mkoa ipo, vyuo vipo, vikundi vilivyosajiliwa vipo, wachapishaji wenye leseni wapo, hapa hapa Mwanza Inland Publishers wa kanisa la AIC wanachapa vitabu, mji huu unajua kazi hiyo. Wekeni mpango halali ambao mzee hahitaji kuwa na akaunti ya zabuni ili kijiji chake kiandikwe.

Labda kuna anayejiuliza kwani haraka ya nini. Jibu liko Ukerewe. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akakaa kisiwani, akaandika kwa Kikerewe maisha yote ya watu wake kuanzia posa na uganga mpaka kulima na kuvua na namna ya kumkaribisha mgeni, akamaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kirefu vile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Ikabidi akae chini mwenyewe, mzee tayari, akitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Miaka 35 imepita toka aweke nukta. Mwaka 1981 akafariki. Leo kimetafsiriwa Kijerumani na Kiingereza, wasomi wanakisifu kote, na mimi mteja akija dukani kukiulizia namuelekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye nakala yake ya zamani anayekubali kuiazimisha kwa kuandikishana. Watoto wa Nansio na Murutunguru wangapi wamewahi kukishika? Naomba Mkurugenzi wa Ukerewe ajiulize hilo kwa namna ya pekee, mana huyu ni wa kwake.

Na yaliyoandikwa kuhusu sisi yako wapi? Hans Cory aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni alikusanya sheria na desturi za Wasukuma, kitabu kikatoka 1953 kwa Kiingereza, na makaratasi yake mengi yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siku nzima ya basi kutoka hapa. Nyimbo za kazi za Wasukuma, zilezile za bagobogobo anazozijua guku, Mmarekani Frank Gunderson alizikusanya kwa miaka na kuzitafsiri, kitabu kikubwa kikatoka mwaka 2010 kwa Brill wa Leiden, Uholanzi. Sina neno baya kwa hao, wao walikuja, wakakaa, wakasikiliza, wakaandika, na bila wao mengi yangekuwa yamepotea. Lakini hicho cha Leiden bei yake inazidi dola 100. Mjukuu wa aliyeimba wimbo akitaka kuuona wimbo wa babu yake kwenye karatasi inabidi auze mbuzi wawili watatu, afu asome kwa Kiingereza.

Nitasema na la kopi kwa sababu mashine ni yangu. Wanafunzi wa Malimbe wanakuja na kitabu kizima wanataka nikitoe kopi, ninakataa, wanaenda duka la pili. Hakimiliki ni sheria na naiheshimu, lakini mtoto huyu ana tasnifu ya kuandika kuhusu uvuvi au ngoma au uchifu, ameambiwa asome, maktaba ina nakala moja na imeazimwa. Wizi huo hautaisha kwa kukamatana. Na hizo tasnifu zenyewe, nimebaindi sijui ngapi, majalada meusi herufi za dhahabu, nyingine zimejaa mahojiano na wazee wa Magu na Sengerema ambao wengine hawapo tena, zinapelekwa chuo nakala zile zinazotakiwa afu basi, zimekaa rafuni. Wakuu wa vyuo mchague hata 2 kwa mwaka, mzitoe ule uandishi wa kitasnifu, ziwe vitabu vya watu kusoma.

Bujora nayo. Kule Kisesa Padri David Clement alijenga kitu ambacho mikoa mingi haina, makumbusho yenye ngoma za watemi na lile banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kila Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, wanashindana mpaka vumbi linaziba jua. Watu wanatoka mbali kuja kuona. Wakiteremka mjini wengine wanapita dukani kwangu wanauliza, dada una kitabu cha Kiswahili kinachoeleza hizi ngoma zilianzaje, Ngika alikuwa nani na Gumha alikuwa nani? Nawapa karatasi 6 nilizochapa kutoka daftari la mzee mwingine. Sita!

Kuna jambo jipya pia, shule sasa wanafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nimefurahi sana. Ila mwalimu wa Misungwi atamfundishaje mtoto historia inayoanzia mlangoni kwao kama kitabu kilichopo kimeandikwa kwa nchi nzima, Mwanza ina aya mbili, Speke akafika mwaka 1858 akaona ziwa akalipa jina la malkia wake, basi, tukaendelea? Ziwa lilikuwa na jina na wavuvi. Mwaka 1958 watu wa Geita walitembea kwa miguu mpaka Mwanza mjini kupinga baraza lililowekwa na wakoloni bila ridhaa yao, na wapo ambao baba zao walikuwa kwenye msafara ule, wanakumbuka walichoambiwa wakiwa watoto. Taasisi ya Elimu iweke mlango wa vitabu vya ziada vya mkoa, vihakikiwe, vipewe ithibati, walimu wavitumie bila woga wa mkaguzi. Na tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imefungua njia nzuri kwa riwaya, ushairi na hadithi za watoto, Mungu aibariki, lakini daftari la guku sio riwaya. Aliyosema ni kweli yametokea, hawezi kushindanisha kweli na tungo. Naomba iwepo nafasi ya historia za mahali.

Na sio ya kale tu. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilometa 3 unavuka kwa dakika chache, na mimi nimevuka nikafurahi kama kila mtu, nikikumbuka usiku ambao tulikesha Kigongo na mgonjwa kwenye gari tukisubiri kivuko. Lakini wale akina mama wa samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, waliokuwa wanajua kwa mlio wa honi tu pantoni gani inakuja, vijana wa kupanga magari, nahodha wa miaka na miaka, maisha yote yale yamekwisha siku moja. Kuna kijana wa Usagara ameanza kuwarekodi kwa simu, ana mahojiano 11, simu yake imejaa anafuta picha zake ili apate nafasi. Huyo akiniuliza akimaliza apeleke wapi, nimwambie nini?

Uhakiki ni muhimu, sitaki mchape kila kinacholetwa. Wazee wanapishana, ukoo huu unasema utemi ulikuwa wao, ule unasema walinyang'anywa, na mengine yakichapwa ovyo yanaweza kuleta ugomvi wa mashamba. Ndo mana nasema pawe na watu watatu wanne, mwalimu wa historia, mtu wa Bujora, mtu anayejua lugha vizuri iwe Kisukuma au Kikerewe au Kikara au Kizinza, wakae wasome, palipo na pande mbili ziandikwe zote mbili. Na jina la mzee aliyesimulia liwe kwenye jalada, lisimezwe na jina la aliyechapa. Nasema hivyo mana nimeona mzee ameshukuriwa pamoja na wengine 20 ukurasa wa nyuma kwenye kitabu ambacho zaidi ya nusu ni maneno yake.

Faili la guku liko tayari. Nimelipanga kwa saizi ya A5, picha ya jalada ni kilima cha kwao aliyopiga mjukuu wake asubuhi, nimeacha ukurasa mmoja wazi mbele kwa ajili ya neno la kiongozi yeyote kati yenu atakayekubali kuliandika. Nina nakala moja tu iliyobaki kati ya zile 30, siiuzi, atakayenitumia mtu naye namwazima aisome akiwa amekaa hapahapa dukani, kiti kipo.

Wiki iliyopita guku alinipigia. Kumbe ameshanunua kaunta buku la 4. Yeye haoni tena mistari, kwa hiyo anasema na mjukuu anaandika, na mjukuu anafunga shule mwezi huu, wana wiki 4. Ameniambia wataanza na majina ya visima, kwa sababu viwili vimefukiwa mwaka huu na vijana waliofukia hawakujua vinaitwaje.